Nyota Moja kutoka Kasanga

"Nyota moja!" Lazaro aliinuka ghafla, kigoda kikaanguka nyuma yake. "Moja, Mama Edith! Kwa pasi ile!"

Silvana, mkewe, aliendelea kushona upindo wa sare ya shule. Mguu ulikanyaga, gurudumu likazunguka.

"Sikiliza mnunuzi alivyoandika. 'Pasi imetoboka chini. Makaa yameniunguzia shati la kwaya. Ndugu wanunuzi, mwogopeni muuzaji huyu.' Imetoboka wapi? Si wewe uliyeifunga kwenye boksi?"

"Ni mimi."

"Ilikuwa imetoboka?"

"Haikutoboka. Jogoo wake tu ndiye hana mkia."

Jogoo huyo wa shaba, komeo la mfuniko wa pasi, alikatika mkia Edith alipoiangusha akiwa mdogo. Kwenye tangazo Lazaro hakulitaja hilo. Alipiga picha upande wa pili.

Kundi la kuuziana vitu kwa simu liliitwa Mnada wa Kiganjani, na lilikuwa na watu kutoka Namanyere hadi Laela, wengi wao hawajawahi kuonana. Ndiyo maana walishika sana adabu zao. Mali ikifika, mnunuzi anaandika maoni kwanza, muuzaji anafuata. Ukiridhika, sema mbele za watu. Usiporidhika, mvute mwenzako pembeni myamalize. Kumpa mtu nyota moja bila kumvuta pembeni ilikuwa sawa na kumzaba kofi mbele ya wakwe zake.

Na kofi hili lilikuja wiki mbaya. Jumamosi saa sita mchana mnada wa cherehani ulikuwa unafungwa.

Ndiyo hiyo hiyo cherehani aliyokuwa akishonea Silvana. Aliachiwa na marehemu mama yake, na ndiyo iliyomsomesha Edith hadi chuo. Lazaro alitaka nauli na sururu za kwenda kuchimba dhahabu Chunya, safari ya tatu. Ya kwanza alirudi na malaria, ya pili alirudi bila viatu. Sumbawanga mjini asingepata wa kumuuzia, maana kila fundi sokoni alijua cherehani ile ni ya nani. Wakabaki wanunuzi wa mbali, wageni wasioijua.

Silvana alimbembeleza. Akaita wazee wa ukoo. Akalia. Lazaro akapiga picha, akaibandika kwenye kundi. Tangu siku hiyo moyo wa Silvana ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula, akashona, akalala, na chozi halikumtoka tena. Hata pasi ilipouzwa, ya kujaribia soko, aliifunga mwenyewe kwa magazeti bila kuambiwa mara mbili.

"Huyu mtu ni nani hasa?" Lazaro alifoka. "Anajiita Mwana wa Ziwa, picha yake boti. Hela alimpa konda wa basi, hata jina lake sina. Shemeji Kristiana si yuko hapo hapo Kasanga? Hamjui?"

"Nilimuuliza. Anasema bandarini watu ni wengi, wengine wa Zambia, wengine wa Kongo."

Lazaro hakuwa na neno baya juu ya shemeji yake. Juzi tu alikuwa amewatumia migebuka, boksi zima. Lazaro ndiye aliyelibeba kutoka stendi, akihema na kuuliza kama siku hizi samaki wanakaushwa pamoja na mawe. Silvana akalifungua jikoni, na jioni wakala wakashiba.

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Janeth, karani mmoja wa Laela aliyekuwa akiongoza dau la cherehani tangu Jumatatu. "Samahani kaka," aliandika. "Nimesoma habari za pasi, moyo umesita. Najitoa." Dakika haikupita, aliyemfuata kwa dau naye akajitoa.

"Sasa namjibu huyo Mwana wa Ziwa," Lazaro alisema.

Silvana aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Baba Edith, mjibu kwa adabu. Mpe pole, umwombe picha ya hilo tundu. Usimtukane, watakutoa."

Lilikuwa neno jema, na angelisema mtu mwingine Lazaro angelifuata. Lakini kwa miaka kumi na tisa, mkewe akisema kulia yeye alipita kushoto, hata kama kushoto kuna shimo. Aliandika kwa herufi kubwa. Akamtukania Mwana wa Ziwa mama yake, kisha akakumbuka kuwa ana bibi pia.

Kiongozi wa kundi, Mwalimu Anyitike, alijibu kwa mistari miwili: "Ndugu Lazaro, hapa tunauziana kwa kuaminiana na kuheshimiana. Umetolewa, na matangazo yako yote yamefutwa."

Lazaro aliisukumiza simu mfukoni. Kisha akavaa koti, maana upepo wa Julai ulikuwa mkali, akaenda kuwasimulia rafiki zake ubaya wa watu wa ziwani.

"Chunya ndiyo basi tena," alisema mlangoni.

"Pole," alijibu Silvana.

Alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno. Akaingia jikoni, akawasha mkaa. Kutoka chini kabisa ya boksi la migebuka akatoa kitu kilichofungwa kwa magazeti yale yale aliyoifungia pasi mwenyewe. Akamfungua jogoo asiye na mkia, akajaza makaa, akanyoosha sare yote, mbele na nyuma, na hata cheche moja haikudondoka. Mpini ulikuwa wa moto, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi vidole vyake vilihisi kitu.

Kisha akachukua simu yake ya kitochi, akamwandikia mdogo wake Kristiana: "Mzigo ulifika salama. Nyota tano."