Bonyeo la Tarumbeta

Dole gumba la mama lilipita juu ya tarumbeta, likarudi, likapita tena.

Kila kiangazi, tamasha la jazi la kumkumbuka baba lilianza hivyo. Mama alilishika tarumbeta la marehemu kwanza, nyuma ya jukwaa, kisha binti akalipeleka mbele ya watu na kuliweka juu ya kiti kitupu.

Mwaka huu binti alitaka ling'ae. Alikuwa amelipeleka kwa fundi bila kumwambia mtu.

"Shemeji, hilo sasa ni kioo," mpiga gitaa alimtania mama. "Mzee angejitazama humo akinyoa ndevu."

Binti alicheka. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliendelea kupapasa ukingo wa mdomo wa tarumbeta.

"Lile bonyeo liko wapi, mwanangu?"

"Fundi amelinyoosha, Mama. Limekuwa laini kabisa."

Mama alipapasa tena pale palipokuwa na bonyeo.

"Ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kutembea, ukalibamiza tarumbeta sakafuni. Mafundi walimsihi baba yako walinyooshe, akakataa katakata. 'Hapo pa mwanangu pasiguswe.' Kila akimaliza kupiga, kidole chake kilikuwa kinakaa humo."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Jukwaani jina la baba likatajwa, na makofi yakaanza. Binti alilipokea tarumbeta, akaweka kidole pale pale alipokuwa ameshika mama.

Kikateleza.