Kibuyu cha Omuramba

Joviana, mpishi wa shule, aliliona jasho kwanza: matone juu ya mdomo wa mtoto, ilhali asubuhi shambani ilikuwa ya baridi. Kisha jembe likamponyoka mtoto, akakaa chini akitetemeka.

"Inuka, kupe wewe," mwalimu mkuu alisema. "Wenzako wanalima."

Joviana akachukua kibuyu cha omuramba, maji matamu ya ndizi.

"Huyo ana kisukari," mwalimu mkuu akamzuia. "Utamuua."

Mkono wa Joviana ukasita. Miaka minne aliyopika pale, hakuna aliyemuuliza neno, naye hakuwahi kumbishia mtu.

Akakiweka kibuyu mdomoni mwa mtoto.

"Muuguzi alipokuja aliwafundisha ninyi walimu: mwenye kisukari akitetemeka hivi, sukari imeshuka, apewe kitamu upesi," alisema. "Mimi mlinifungia mlango, mwalimu. Nilisikiliza dirishani."