Ngiri na Kadi ya Manjano

Aliondokea Ngiri mmoja, ana meno marefu na maneno marefu zaidi, akasafiri nchi jirani kumwoza bintiye. Mpakani akamcheka rafikiye Kobe: "Ati sindano ya homa ya manjano ilikuliza? Mimi walinichoma nikasinzia!"

Korongo wa uhamiaji akaigeuza kadi ya chanjo ya Ngiri. "Mzee Ngiri, mhuri huu ni wa machinjioni. Lakini si neno, chanjwa hapa hapa upite."

Ngiri alipoiona sindano, akarudi kinyumenyume. Ng'ambo ya kizuizi bintiye akaita, "Baba, ni kufumba na kufumbua tu! Shehe anakungoja!"

"Mwambie ami yako akuozeshe," akajibu Ngiri, hamtazami.

Kobe, aliyekuwa na haki ya kucheka, akainamisha kichwa.