Lango Linalosikiliza

Siku hizi lango la gereza ndilo linalomwachia mfungwa: akilisomea ukurasa mmoja bila kukwama, linafunguka, anakwenda zake. Dzame alikwama tena kwenye mstari wa kwanza.

Mwalimu Mghoi alimfuata hasira zimempanda, hadi kwenye nyumba ya mfano ambamo wafungwa hujifunza kupika na kujitegemea.

"Jana ulinisomea kurasa tatu kama maji! Unanifanya mjinga?"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Na mumeo yuko hapo nje tangu asubuhi, anakungoja!"

"Najua, Mwalimu. Nimeisikia sauti yake."

Dzame aliingia katika nyumba ile, akafunga mlango na kutia komeo kwa ndani. Mwalimu alikuwa ameshainua mkono kugonga alipomsikia akisoma ukurasa ule ule wa langoni, wote, bila kukwama hata mara moja.