Mgeni wa Heshima wa Elwaraba

Kabla Bibi hajateremsha mguu wa pili kutoka kwenye teksi, Japheth na Trevor walikuwa tayari wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumnyanyua juu kwa juu.

"Taratibu, wanangu," Bibi alisema, mkono mmoja umeshika mtandio, mwingine umeshika kichwa cha Trevor. "Mimi si mwali."

Loice aliwatangulia ngazini akipiga vigelegele. Nyuma yao, kinyozi wa jengo la pili alitoka nje na mkasi wake kutazama, na mteja wake akamfuata na ndevu za upande mmoja.

Wiki nzima Loice alikuwa hapati usingizi. Mwaka jana kumbukumbu ya Elwaraba ilikosa watu hata keki ikabaki, na Trevor akasema mbele ya wote kwamba kisa chenyewe huenda kilitungwa tu. Neno hilo lilimkaa Loice kama mwiba wa samaki kooni. Safari hii, kama mgeni wa heshima asingetokea, alijua hakuna Mkenya yeyote hapa Doha atakayehudhuria tena.

Kwake yeye hakikuwa kisa cha kutunga. Mwaka 1940 askari wa Mussolini walivuka mpaka wakafika Elwaraba, kijiji cha kaskazini chenye kisima kimoja. Wanaume walikuwa mbali, malishoni na mifugo. Wanawake wakashikana mikono, wakakizunguka kisima, wakamwambia kapteni hapiti. Walisimama vivyo hivyo juani mpaka kapteni akawageuza askari wake, chupa zao zikiwa kavu. Babu yake Loice, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, alifika pale baadaye, ulimi umemvimba kwa kiu, akayanywa maji yale. Asingeyakuta, Loice asingezaliwa.

Wa siku ile alibaki mmoja tu, Bibi Talaso, aliyekuwa binti mdogo katika ule mduara. Mjukuu wake Ibrahimu, dereva wa familia moja huko Muaither, alikuwa amempitisha Doha akitoka Umra. Lakini Ijumaa hiyo tajiri wake alimwita ghafla waende Umm Salal, kwa hiyo alimpakia Bibi kwenye teksi na kumpigia Loice simu.

"Utamjua tu," alisema. "Ni mzee, amevaa buibui."

Ukumbini watu walisimama wote. Walimvisha Bibi shada la maua, wakamwimbia, wakamzungusha na kiti chake mara mbili mpaka akaomba ashushwe. Loice alimtazama kwa mshangao. Kwa mtu aliyepita miaka tisini, Bibi alikuwa na meno yake yote.

"Maziwa ya ngamia hayo," Japheth alimnong'oneza. "Shosho ako fiti kutuliko."

Na Kiswahili chake kilitiririka kama maji. Loice alikuwa amemwalika mkalimani wa Kiborana. Akamwashiria aendelee tu na sambusa zake.

Bibi aliangaza macho ukumbini. "Naona mmechanganyika, wake kwa waume," alisema. "Enzi zetu, siku kama hii wanaume hawakuwepo."

"Ndiyo, Bibi," Loice alisema, machozi yakimlenga. "Walikuwa mbali, malishoni na mifugo."

Bibi alimtazama kidogo, kisha akakohoa.

"Basi nisikilizeni. Kwanza atakuja na maneno matamu na vizawadi. Msidanganyike. Akishaona mmelainika, ndipo amri zinaanza. Hiki kikae hapa, kile kiondoke, wewe nyamaza."

"Huo ndio ufashisti," Japheth alisema kwa sauti.

"Siku hizi unaitwa hivyo?" Bibi aliuliza.

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Chebet, mpishi wa hoteli ambaye hucheka kwa nadra sana, alilazimika kuketi.

"Mimi alinijia jioni moja na mabuti yake," Bibi aliendelea, "amefura, anataka kila kitu kwa wakati mmoja. Nikasimama mbele yake na mwiko. Nikamwambia, hapa hupiti mpaka ujue kusema na watu."

Ukumbi ulilipuka. HAPA HUPITI ndiyo maneno waliyochapa kwenye fulana zao, na sasa waliyasikia kutoka kinywani mwa mwenyewe. Viti viligongwa, vijiko viligongwa, mkalimani akamkumbatia mtu asiyemjua. Trevor aliyeshuku kila kitu alikuwa amesimama juu ya meza, analia na kucheka pamoja. Loice alihisi miguu yake haigusi sakafu. Laiti babu yake angekuwepo.

"Na yeye akafanya nini, Bibi?" Chebet aliuliza.

"Atafanya nini? Aliketi chini, akaomba maji."

"Ukampa?"

"Nilimpa, ila baada ya kusema tafadhali. Mtu akishajishusha, msimnyime."

Walimshangilia mpaka sauti zikawakauka. Hata muziki uliokuwa ukivuma ukumbi wa jirani ulikuwa umenyamaza muda mrefu sasa, na Loice akadhani maneno ya Bibi yamepenya ukuta.

Trevor alishuka mezani, akapiga goti mbele ya kiti.

"Bibi, unisamehe. Mimi nilikuwa siamini. Sasa niambie, baada ya siku ile, yule dhalimu ulimwona tena?"

"Nisimwone vipi, mwanangu? Nimemzalia watoto saba." Bibi alipokea gilasi ya maji, akanywa, akageuka kulia na kushoto. "Haya, nimemfunda mpaka koo limenikauka, na yeye mwenyewe hamjanionyesha. Bi harusi yuko wapi?"