Tuta la Mwajabu

Siku hizi kila mtu ana tuta lake, pale kilipozikwa kitovu chake, nalo humwoteshea dawa kabla hajaugua. La kwangu limejaa mlonge, kwa ajili ya miguu yangu hii.

Leo asubuhi mkwe wangu Zuhena kaja mbio, anacheka.

"Mama, njoo uone! Tuta la Mwajabu halina hata jani. Mwanangu mzima kabisa!"

"Alhamdulillahi," nikajibu.

Marehemu mume wangu naye alijisifu hivyohivyo, wiki aliyokufa.

Mjukuu wangu alikuwa anakunywa uji, miguu inaning'inia. Nikang'oa mche wangu mmoja wa mlonge nikampandie kwenye tuta lake, nikainua jembe. Halikuwa na kazi. Udongo ulikuwa umeshatifuliwa, kutokea chini, kwa urefu wa mtoto.