Swali la Jana

Tangu maneno ya siri yapigwe marufuku, kompyuta ya kila nyumba humfungulia mtu akijibu swali moja tu kuhusu mambo ya jana humo ndani. Mwizi wa mtandaoni aweza kuiba sauti ya mtu, hata sura yake, lakini atajuaje nani aliunguza chakula?

Jumamosi asubuhi Mwantumu alikuwa akipepeta mchele kompyuta ilipolia. Kuna mtu wa mbali aliyekuwa akibisha hodi kwa sauti ya mumewe, Shekue, ilhali Shekue mwenyewe yuko mezani anakunywa chai.

"Jana mlikula nini?" iliuliza kompyuta.

"Pilau," alijibu mwizi bila kusita. Ijumaa nani asiyekula pilau?

"Sivyo," kompyuta ilimjibu kwa upole, ikamfungia nje. Pilau ya jana iliungua sufuria nzima, wakaambulia mkate.

"Alhamdulillahi!" Mwantumu alishusha pumzi.

Shekue alicheka hadi machozi. "Mke wangu, uwe unaunguza kila siku!" Kisha akasogea kufungua kazi zake.

"Jana Mwantumu alilia wapi?" iliuliza kompyuta.

"Alilia?" Shekue akageuka. "Mwantumu, jana ulilia?"

Mwantumu aliinamia ungo wake. Alilia jikoni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Kumbe yupo aliyesikia. Moyo wake ukawa mwepesi, na wepesi huo ukamtisha.

"Sivyo," kompyuta ilimwambia Shekue, kwa upole uleule iliomjibu nao mwizi. "Jaribu tena."